Kuharibu na Kuharibika: Vitenzi vya Maangamizi katika Historia ya Ngorongoro na Karatu

Mfasiri anayetia sheria au taarifa ya Kiingereza katika Kiswahili hukutana upesi na kundi la vitenzi ambavyo huonekana kana kwamba ni vya maana moja: "destroy", "damage", "spoil", "ruin", "devastate", "exterminate", na wenzao. Kwa vyote hivyo kitenzi cha kuharibu kiko karibu na mkono, nacho ndicho hutumika. Lakini vitenzi hivyo havina maana moja, wala tofauti iliyopo baina yao si pambo tu la lugha. Katika nchi ya Ngorongoro na Karatu tofauti hiyo imeingia katika mashauri ya ardhi, ya mifugo na ya makao ya watu kwa muda unaozidi miaka mia moja. Makala hii yakusudia kuonyesha mambo mawili: kwanza, kwamba Kiingereza na Kiswahili hupanga maangamizi kwa mizani zisizolingana, pili, kwamba mizani hizo zilipochanganywa katika historia ya nchi hiyo, mara nyingi alipatikana mharibifu pale ambapo palikuwa na maharibiko tu.

Yafaa kwanza kuikumbuka nchi yenyewe. Ngorongoro na Karatu zimepakana, na kati yao umesimama msitu wa nyanda za juu, ambao maji yake hushuka upande wa Karatu na Mang'ola. Juu ya msitu ni nchi ya hifadhi, wanakokaa Wamaasai na mifugo yao, na huko ndiko iliko kreta ambayo sakafu yake ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 260. Chini ya msitu ni mashamba ya ngano, mahindi, maharagwe na kahawa, na wengi wa wakulima ni Wairaqw. Kando ya Ziwa Eyasi wapo Wadatoga na Wahadza. Kimaasai na Kidatoga ni lugha za jamii ya Kinilo, Kiiraqw ni ya Kikushi, na Kihadza husimama peke yake. Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu, kilikuja kuwa lugha ya soko, ya shule na ya baraza. Kwa hiyo maneno mengi ya Kiswahili yaliyotumika hapa juu ya uharibifu yalifika kwa njia ya ofisi, na ofisi hiyo ilifikiri kwanza kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza.

Vitenzi vya Kiingereza vyenyewe vingi si vya Kiingereza kwa asili. "Destroy" kilipita katika Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, na maana ya asili ni kujengua, yaani kulitengua lile lililojengwa. "Damage" chatokana na neno la Kilatini lenye maana ya hasara. "Ruin" chatokana na kuanguka, na "devastate" na kufanya nchi kuwa tupu, au kama wasemavyo waandishi wa zamani wa Kiswahili, kuitia ukiwa. "Spoil" mwanzo wake ni kumvua adui silaha na kuchukua nyara. "Eradicate" ni kung'oa pamoja na mizizi. Na "exterminate", ambacho leo ni kikali kuliko karibu vyote, kwa asili hakikuwa na damu ndani yake: kilikuwa na maana ya kumfukuza mtu nje ya mpaka. Asili ya neno si sheria ya matumizi yake, lakini mara nyingi huacha harufu yake katika neno, kama mtungi uliotiwa samli.

Katika matumizi ya sasa Mwingereza huvipima vitenzi hivi kwa kipimo kimoja kikubwa, nacho ni kiasi cha kilichosalia. Kitu kilichopatwa na "damage" bado kipo, nacho chaweza kutengenezwa. Kilichopatwa na "destroy" hakipo tena, au hakifai tena kuitwa jina lake la kwanza. Nyumba iliyong'olewa mabati na upepo ina "damage". Iliyobaki majivu imepatwa na "destroy". "Ruin" huacha kitu kimesimama lakini kimepotewa na thamani, kama mavuno yaliyonyeshewa au jina la mtu lililotiwa doa. "Spoil" hugusa ubora zaidi kuliko uhai, kama chakula kilichochacha au mtoto aliyedekezwa mno. Kisha kuna kipimo cha pili, cha kitu chenyewe. "Devastate" hutaka nchi au mji, wala hapana asemaye hivyo juu ya sahani. "Exterminate" hutaka viumbe wengi wa aina moja. Ng'ombe mmoja hawezi kutendwa hivyo. "Eradicate" hutaka maradhi, magugu au uovu, na mwenye kusema hudhihirisha kwamba amefurahi.

Kiswahili hakina kipimo hicho cha kwanza ndani ya vitenzi vyake. Kitenzi cha kuharibu, kilichotoka katika Kiarabu, hufunika pote, toka mkwaruzo wa meza hadi kuteketea kwa mji. Mtu aliyeharibu saa na jeshi lililoharibu nchi hutajwa kwa neno moja, na msikilizaji huachiwa kukisia kiasi. Hili limewafanya baadhi ya wageni wadhani kwamba lugha ni maskini katika jambo hili. Ukweli ni kwamba Kiswahili hutumia mizani nyingine. Hupima kwanza namna tendo lilivyotendeka: kuta hubomolewa, paa la makuti huezuliwa, mti hung'olewa, mavazi hutatuliwa, mali hufujwa, kichaka hufyekwa, udongo humomonyolewa. Kila kitenzi chaonyesha umbo la kitu na njia iliyokiondoa. Vingi vina kiishio cha kutendua, kile kinachoigeuza ezeka kuwa ezua na jenga kuwa jengua. Basi maana ambayo Kilatini kiliificha ndani ya "destroy", Kiswahili huionyesha wazi mbele ya macho.

Mizani ya pili ya Kiswahili ni kubwa zaidi, nayo ni kuwapo au kutokuwapo kwa mtenda. Hapa vitenzi vyagawanyika makundi matatu. Katika kundi la kwanza mwenye kutenda ndiye msingi, na hali ya kutendeka hutokana naye: haribu huzaa haribika, vunja huzaa vunjika. Katika kundi la pili pande mbili zalingana, wala hapana mzazi wala mtoto: bomoa na bomoka, ng'oa na ng'oka, momonyoa na momonyoka. Katika kundi la tatu, ambalo ndilo lenye maneno mazito kuliko yote, msingi ni kule kupotea kwenyewe, na mtenda huongezwa baadaye kwa kiambishi cha kusababisha: angamia kisha angamiza, teketea kisha teketeza, potea kisha poteza, tokomea kisha tokomeza. Msemaji wa Kiswahili anapofika kwenye maangamizi makubwa kabisa, lugha yake humpa kwanza tukio, ndipo humwuliza kama yuko aliyelileta.

Toka hapo yaja tofauti ambayo Kiingereza hakina njia rahisi ya kuishika. Mkulima akisema, "Shamba limeharibika," ametaja hali, wala hakumshtaki mtu. Akisema, "Shamba limeharibiwa," amekwisha kuashiria kwamba yuko mtenda, hata kama hakumtaja. Kauli ya kutendwa ya Kiingereza huzibeba zote mbili katika chombo kimoja, na mwenye kuandika ripoti, akiisikia ya kwanza, huiandika kwa maneno yanayofaa ya pili. Msomaji wa ripoti hiyo, akiwa London au Dar es Salaam, huanza kumtafuta mtenda ambaye shahidi hakupata kumtaja.

Jambo la tatu ni jina la mtenda. Mharibifu si mtu aliyeharibu jana. Kiishio cha -fu huonyesha tabia, kama katika mvumilivu, msahaulifu na mpotevu. Mwenye kuitwa mharibifu hashtakiwi kwa tendo moja; huhukumiwa kwa maumbile yake. Katika historia ya Ngorongoro na Karatu jina hilo limewaangukia kwa zamu wanyama na watu, na kila lilipomwangukia mmoja, mwingine aliondolewa lawama.

Maangamizi ya kwanza makubwa ambayo habari zake zimeandikwa hayakuwa na mtenda mwenye sura. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia nchi ya Wamaasai. Mnamo 1891 ikafuata sotoka, kisha ndui na njaa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alifika Ngorongoro mwezi Machi 1892, akakuta watu waliokonda kwa njaa wakizunguka kambi yake wakitafuta chakula, na baadaye akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa. Wamaasai wenyewe wauita wakati huo Emutai, jina lililotokana na kitenzi cha Kimaasai chenye maana ya kumaliza kabisa. Jina hilo ni la tukio. Halisemi nani, wala halikuundwa ili kumtafuta mtu. Lasema tu kwamba kilichokuwapo kilikwisha. Katika Kiswahili neno linalolikaribia zaidi ni kuangamia, wala si kuangamizwa. Vitabu vya Kiingereza huliandika kwa jina linalomaanisha uharibifu, nalo si kosa. Lakini msomaji hupoteza ile sehemu ya maana isiyokuwa na mshtakiwa.

Upungufu huo ulikuwa na matokeo. Wazungu waliokuja baada ya hapo waliikuta nchi ikiwa na watu wachache na ng'ombe wachache, wakadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu asili. Nchi iliyokuwa imefanywa ukiwa na maradhi wakaiona kama nchi ya nyika isiyoguswa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikaa ndani ya kreta, wakafuga ng'ombe, na wakajaribu kuwafukuza nyumbu ili malisho yabaki kwa mifugo yao. Hapa maana ya kale ya "exterminate" yarudi kama ilivyokuwa: kuondoa nje ya mpaka. Jambo hilo halikufaulu, na vita vilikomesha makao yao. Lakini fikira ilikuwa imekwisha kupandwa, kwamba ndani ya mpaka mmoja kiumbe mmoja ni wa kufaa na mwingine ni wa kuondolewa.

Katika miaka ya 1920 simba wa Serengeti walihesabiwa kuwa wanyama waharibifu, nao walipigwa risasi kwa wingi na wawindaji. Mwaka 1929 serikali ya Waingereza ikaifunga sehemu ya Serengeti ili kuwahifadhi simba hao hao. Simba hakubadili tabia yake katika mwaka huo. Lililobadilika ni jina lake. Aliyekuwa mharibifu akawa mali ya nchi, na kwa kuwa kila hifadhi hutaka adui wa kuhifadhiwa naye, jina la mharibifu likaanza kutafuta mahali pengine pa kukaa.

Mahali hapo palipatikana katika miaka ya 1950. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Ngorongoro, ilianza kazi yake mwaka 1951. Mwaka 1954 kilimo kilikatazwa ndani yake. Taarifa ya serikali ya 1956 ikapendekeza kuigawa hifadhi, mabishano yakawa makubwa huko na Ulaya, na mtaalamu wa mimea, W. H. Pearsall, akatumwa kuitazama nchi na kutoa shauri. Katika Aprili 1958 wawakilishi kumi na wawili wa Wamaasai walitia sahihi mapatano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 nchi ikagawanywa: Serengeti ikabaki hifadhi ya wanyama peke yao, na Ngorongoro, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ikawa hifadhi ambamo watu na mifugo wangekaa pamoja na wanyama. Mwaka huo huo Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa kitabu na filamu ambavyo jina lake lasema kwamba Serengeti haipasi kufa. Jina hilo lilitumia kitenzi cha kufa, ambacho hakina mtenda. Lakini hoja iliyokuwamo ilimtaja mtenda waziwazi, naye ni binadamu na ng'ombe wake.

Swali lililopasa kuulizwa katika mabishano hayo lilikuwa swali la kitenzi. Je, ng'ombe walikuwa wakiiletea nchi "damage", yaani hasara ambayo mvua mbili tatu zingeirudisha, au walikuwa wakiipatia "destroy", yaani mwisho? Nchi kavu hukauka na kuchipua; malisho yaliyoliwa mpaka vumbi katika mwaka wa ukame huweza kuwa mazuri mwaka wa pili. Mwenye kuyaona katika mwezi wa Septemba huandika neno moja, na mwenye kuyaona katika Aprili huandika lingine. Habari hizo zilipotiwa katika Kiswahili cha barazani, maneno yote mawili yalifika kama kuharibu, na tofauti ambayo pengine ingewapa wafugaji nafasi ya kujibu haikuwamo tena.

Upande wa pili wa msitu serikali ile ile ilitumia maneno mengine. Wairaqw walikuwa wakitoka katika nchi yao ya asili katika vilima vya Mbulu, ambako walijulikana kwa ustadi wa kuutunza udongo wa miteremko, wakienea kaskazini hadi Karatu. Mpango wa maendeleo wa Mbulu, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ulitaka mifugo ipunguzwe, na vichaka vyenye mbung'o vifyekwe ili kufungua ardhi mpya. Hapa maelfu ya miti yaliondolewa, wala hapana aliyeita kazi hiyo uharibifu, iliitwa kusafisha. Katika miaka ya 1950 kilimo cha ngano kilienea Karatu, na matrekta pamoja nacho. Basi katika muongo mmoja, katika nchi mbili zinazotazamana, mwenye kulima upande mmoja alikuwa mwendelezaji, na mwenye kulima upande wa pili alikuwa mvunja sheria. Jembe lilikuwa lile lile, na mpaka ndio uliochagua kitenzi.

Baadaye makorongo yalitokea katika miteremko ya Karatu, na hapo Kiswahili kilikuwa na neno lake zuri kuliko neno lo lote la kukopa: mmomonyoko. Neno hili ni la kundi la pili, lile ambalo pande mbili zake zalingana. Udongo humomonyoka, na maji huumomonyoa. Halimkani mtenda, wala halimbuni. Mwenye kulitumia hulazimika kuuliza mteremko ni mkali kiasi gani, maji yalipita wapi, mfereji ulichimbwa kuelekea wapi, na jembe lilivutwa kufuata mlima au kuukata. Haya ni maswali yenye majibu. Neno uharibifu lina swali moja tu: ni nani?

Tena mmomonyoko wenyewe haustahili lawama kila mahali. Katika korongo la Olduvai, lililo ndani ya nchi hiyo hiyo ya hifadhi, maji ndiyo yaliyokata tabaka za udongo wa zamani na kuziacha wazi. Hapo ndipo Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, katika mwaka ule ule hifadhi ilipoanzishwa. Kama maji yasingalibomoa, elimu isingalifukua. Kiswahili kinavyo vitenzi vya hali hiyo, kama fukua, fichua na fumbua, ambavyo kwa umbo ni ndugu wa bomoa na ng'oa, lakini husifiwa.

Ndugu wa namna hiyo katika Kiingereza ni "eradicate", na historia ya sotoka yaonyesha nguvu yake. Baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa, ugonjwa huo ulitoweka miongoni mwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu wa Serengeti na Ngorongoro, waliokuwa kama 260,000 mwaka 1961, walizidi milioni 1.3 mwaka 1977. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Ng'ombe aliyeitwa mharibifu wa nchi ya nyumbu ndiye ambaye chanjo yake ilimwokoa nyumbu. Hapana hesabu ya hifadhi iliyoliandika jambo hilo katika fungu la wafugaji, kwa kuwa lugha ya hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kuamua ni upande gani wa kitenzi mfugaji atasimama.

Mfano wa moto ni wa kufundisha zaidi. Wamaasai walikuwa na desturi ya kuchoma majani makavu ili majani mapya yaote na kupe wapungue. Mwaka 1974 waliondolewa katika sakafu ya kreta, na uchomaji ukakoma humo. Katika ukame wa mwaka 2000 na mvua zilizofuata, nyati wengi, na wanyama wengine pia, walikufa, na magonjwa ya kupe yalikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2001 wahifadhi wenyewe wakaanza kuchoma majani kwa mpango. Kiswahili hakingaliweza kukosea hapa kama kingaliachiwa maneno yake. Kuchoma si kuteketeza. Mwenye kuchoma aweza kuwa mpishi, mfua chuma au mkulima. Kuteketeza ni kuchoma mpaka pasibaki kitu. Moto wa mfugaji uliandikwa kwa kitenzi cha pili, na moto wa mhifadhi kwa cha kwanza.

Yapo mambo ambayo katika hayo Kiswahili cha ofisi kimeonyesha busara. Wakulima wa Karatu wanaopakana na msitu huvamiwa na tembo na nyati, na mahindi ya msimu mzima yaweza kwisha usiku mmoja. Sheria huwaita wanyama hao wakali na waharibifu. Lakini malipo anayopewa mkulima, chini ya kanuni za mwaka 2011, hayakuitwa fidia. Fidia humtaka mwenye kosa, na serikali haikutaka kusimama mahali pa mwenye kosa kwa ajili ya tembo. Yaliitwa kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufa. Kiingereza cha kanuni hizo nacho kilikwepa neno la fidia kikachukua neno la kuliwaza. Yaweza kulaumiwa kwamba jina zuri limeficha malipo madogo, na wakulima wengi husema hivyo. Lakini kwa mwenye kuchunguza lugha jambo moja ni dhahiri: pale serikali ilipoweza kuwa mshtakiwa, ilichagua maneno kwa uangalifu mkubwa, ikatenganisha hasara na kosa. Uangalifu huo huo wawastahili wafugaji na wakulima wanapokuwa wao washtakiwa.

Haja ya uangalifu huo imeongezeka katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ikawa ya lazima. Katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 326, kosa la kuharibu mali limetajwa kwa vitenzi viwili vilivyowekwa bega kwa bega, "destroy" na "damage", ili mwizi wa maneno asitoroke kwa kusema kwamba kitu bado kipo. Mfasiri akiandika kuharibu peke yake, hukumu ya kosa huenda isidhurike, kwa kuwa kitenzi hicho hufunika yote mawili. Lakini hakimu anayepima adhabu, au afisa anayeandika ripoti juu ya malisho ya Ngorongoro, ahitaji kujua ni kipi kati ya viwili. Mwaka 2022 wakaazi wa Ngorongoro walianza kuhamishiwa Msomera, katika wilaya ya Handeni, na hoja ya kwamba nchi inaharibiwa ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa. Hoja hiyo yaweza kuwa na kweli ndani yake, na yaweza kupingwa. Lakini haiwezi kupimwa kabla haijasemwa kwa kitenzi chenye kipimo.

Si lazima kuunda maneno mapya kwa ajili ya hayo. Pale "damage" inaposimama peke yake, kutia hasara, kudhuru au kuharibu kwa kiasi hutosha, na kiasi kitajwe. Pale "destroy" ina maana ya mwisho, kuangamiza, kuteketeza au kubomoa huchaguliwa kwa kufuata kitu na njia iliyokiondoa. "Exterminate" ni kuangamiza aina nzima, na "eradicate" ni kutokomeza. Hali isiyokuwa na mtenda aliyethibitika yafaa iandikwe kwa kauli ya kutendeka, na kwa jina la maharibiko, ambalo kamusi za zamani zilikuwa nalo na waandishi wa siku hizi wameliacha. Uharibifu ubaki kuwa neno la tendo lenye mwenyewe. Na mharibifu, kwa kuwa ni jina la tabia, lisiandikwe juu ya kabila wala juu ya kazi ya watu wo wote, maana hakuna ushahidi wa tendo moja unaoweza kuthibitisha tabia.

Wamaasai waliipa misiba ya miaka ya 1890 jina lisilo na mshtakiwa, ingawa wao ndio waliopatwa na msiba huo kuliko wengine wote. Waliokuja baada yao na daftari mkononi hawakuwa na subira hiyo. Walipoona nchi imepungua walitafuta mtu wa kumwandika. Sarufi ya Kiswahili humpa mwandishi nafasi ya kusimama kati ya angamia na angamiza, na kungoja hapo mpaka ushahidi ufike. Mfasiri anayeivuka nafasi hiyo kwa haraka ametoa hukumu kabla ya baraza kukaa.